Kipya Kinyemi: Hesabu Mbovu Inayoua Magari Yetu

Katika majalada ya ofisi za umma kuna sentensi moja ambayo imeua magari mengi kimyakimya. Huandikwa kwa maneno yanayobadilika kidogo tu: gharama za matengenezo zimezidi thamani ya gari, hivyo inapendekezwa lifutwe kwenye vitabu. Afisa mmoja anaandika, mwingine anaidhinisha, gari linasukumwa nyuma ya jengo, chini ya mwarobaini, na huko linasubiri mnada ambao hauna haraka. Matairi yanakaa chini. Kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Bajeti inayofuata inaomba gari jipya.

Hoja yangu ni kwamba sentensi hiyo ni kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la siasa, na kwamba kosa hilo limetufundisha, sisi kama jamii, kudharau kazi ya kutengeneza pamoja na watu wanaoifanya. Nalisema hili kama mwalimu wa sera za umma. Nalisema pia kama mtu ambaye kwa miaka miwili amesimamia, na kulipia, ujenzi upya wa gari la familia yake kuanzia kwenye chesisi, na ambaye risiti zote anazo.

Tuanze na hesabu. Tuseme taasisi ilinunua gari kwa shilingi milioni 200. Kila mwaka mhasibu hupunguza thamani yake vitabuni, na baada ya miaka kadhaa kitabu kinasema gari lile ni la milioni 10. Injini inaharibika. Gereji inatoa makadirio ya milioni 30 kulirudisha barabarani likiwa imara. Mhasibu analinganisha 30 na 10, anatikisa kichwa, na sentensi inaandikwa. Kisha inatolewa zabuni ya gari jipya la milioni 250.

Tazama kilichofanyika hapo. Gharama ya kutengeneza imelinganishwa na namba ambayo haipo popote isipokuwa kwenye daftari, wakati ilipaswa kulinganishwa na gharama ya kile kitakachonunuliwa badala yake. Kama matengenezo ya milioni 30 yatalipa gari miaka 5 zaidi ya kazi, na tukiongeza zile milioni 10 ambazo zingepatikana mnadani, basi kila mwaka wa huduma unagharimu milioni 8. Gari jipya la milioni 250, likidumu miaka 10, linagharimu milioni 25 kwa mwaka. Hata tukisema gari kuukuu linakula milioni 10 zaidi kila mwaka kwa mafuta na huduma, bado tunalinganisha 18 na 25. Huu si uchumi wa juu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuufanya nyuma ya daftari lake. Swali ni kwa nini ofisi zetu haziufanyi.

Jibu mojawapo ni kwamba kosa hili lina wanufaika. Manunuzi ya gari jipya yana zabuni, yana wakala, yana sherehe ya kukabidhi funguo, yana bosi anayeonekana ndani ya shangingi. Matengenezo hayana kitu cha kukatia utepe. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Walikusudia kutuonya, nasi tumeigeuza methali kuwa kanuni ya manunuzi. Hatuna budi pia kukumbuka kwamba shilingi inayolipia gari jipya kwa sehemu kubwa huondoka nchini siku ileile, kwa kuwa gari linatoka nje kwa fedha za kigeni. Shilingi inayolipia matengenezo huenda wapi? Hapo ndipo risiti zangu zinapohusika.

Gari ninalolizungumzia ni Land Rover Series III ya mwaka 1978, ile ndefu ya inchi 109, yenye viti 12. Marehemu baba yangu, aliyekuwa bwana shamba, aliinunua ikiwa tayari imetumika, na kwa miaka mingi ilikuwa gari la ukoo mzima: ilibeba kahawa, wagonjwa, maharusi na majeneza. Aina hii ya gari ilianza kuonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ikiwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Kilichobaki cha chuma ni mifupa: chesisi, na ule ukuta unaotenganisha injini na abiria. Watu huiona bodi isiyo na kutu wakadhani gari ni zima. Kumbe kutu iko ndani. Chesisi yake ni kama boksi refu lililochomelewa kwa bamba jembamba la milimita 2 hivi. Tope na maji huingia, hayatoki, na chuma huliwa kutoka ndani kwenda nje. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, metali hizo mbili huzozana hadi moja inakuwa unga.

Kulijenga upya gari la namna hii hakuna njia ya mkato. Bodi hufunguliwa yote, kipande kwa kipande, kila bolti ikiwekwa kwenye kopo lenye maandishi. Injini hushushwa, giaboksi hushushwa, difu na springi za majani hutolewa, mpaka chesisi ibaki peke yake juu ya magogo. Kisha fundi huchukua nyundo ndogo na kuigonga kuanzia mbele hadi nyuma akisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kikohozi. Kila palipokohoa hukatwa mpaka chuma safi kionekane, hubandikwa bamba jipya la unene uleule, na kabla ya kuchomelea moja kwa moja vipimo huchukuliwa kwa mshazari, kona hadi kona, ili chesisi isije ikapinda na gari likatembea kama kaa. Mwishoni hutobolewa matundu ya kutolea maji, ndani hupigwa dawa ya kuzuia kutu, na ndipo ujenzi wa kurudi juu unapoanza: springi, ekseli, breki, injini, nyaya, bodi, viti. Injini yenyewe, ya petroli, lita 2.25, ilipelekwa mjini kupigwa boringi na kuchongwa krenki. Bushi kadhaa ambazo hazikupatikana dukani zilichongwa kwa mashine ya lezi na kijana ambaye hakumaliza kidato cha nne.

Nilipojumlisha risiti, karibu sita katika kila shilingi kumi zilikuwa zimelipa mikono: mchomeleaji, fundi injini, fundi umeme, mchonga vyuma, mshona viti, mpiga rangi. Sehemu iliyobaki ilinunua vipuri, na si vyote vilitoka nje. Watu sita wenye familia, ndani ya wilaya mbili, walikula kutokana na gari moja kuukuu. Nioneshe gari jipya linalofanya hivyo kabla halijafikisha kilomita yake ya kwanza.

Baadhi ya wasomaji watakuwa wanangoja niligeuze gari hili kuwa mfano wa katiba: kwamba tunapaka rangi juu ya kutu badala ya kuanza na chesisi. Mfano huo ni mzuri, lakini leo sitautumia. Nazungumzia magari yenyewe, kwa sababu tumezoea kugeuza kila kazi ya mikono kuwa sitiari, kisha tukawasahau wenye mikono.

Utumishi wetu wa umma una ngazi tatu za watu wa ufundi: fundi mchundo, fundi sanifu na mhandisi. Ngazi hizo ni halali, na mimi ni wa mwisho kudharau vyeti. Lakini yule mzee aliyeigonga chesisi yangu kwa nyundo hayumo kwenye ngazi yoyote. Alijifunza kwa kushika spana za wengine akiwa na umri wa miaka 14. Siku moja nilimuuliza kwa nini hataki kutumia puti pale ambapo rangi ingefunika. Akanijibu: "Dokta, chesisi haidanganyi. Puti ndiyo inayodanganya, na anayeipaka anajua." Hiyo ni sentensi ya maadili ya kitaaluma ambayo ningependa kuiona ukutani katika kila idara ya ununuzi. Kwa vigezo vya ajira ya serikali, aliyeitamka ni mtu asiye na ujuzi.

Ni kweli kwamba VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na mafundi wa gereji za mtaani ni miongoni mwa walionufaika. Ni jambo jema. Lakini cheti kisichofungua mlango ni karatasi. Fundi akishatambuliwa, je, anaweza kupewa kazi ya kutengeneza gari la halmashauri yake? Je, atalipwa kabla ya mwaka wa fedha kuisha? Mpaka maswali haya mawili yajibiwe kwa ndiyo, urasimishaji utabaki kuwa hafla ya kugawa vyeti.

Historia yetu ilikwisha kutuonya. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hawakukosa mashine. Walileta matrekta na mabuldoza, mengi yakiwa masalia ya vita, hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Kilichokosekana ni mvua ya kutosha, ardhi inayofaa, na karakana. Udongo wa Kongwa ulizila plau, vipuri havikuwepo, na waendeshaji waliofundishwa haraka walikabidhiwa mashine ambazo hakuna aliyeweza kuzirudisha kazini zikiharibika. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza takribani pauni milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi, na sisemi kwamba karakana peke yake ingeuokoa. Nasema kwamba aliyenunua mashine bila kuandaa mtengenezaji alikuwa amenunua chuma chakavu cha kesho.

Baada ya uhuru tulivutwa na ndoto ya upande wa pili: kuunda. Kenya ilitaka gari lake, na kwa wito wa Rais Moi mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Nairobi na taasisi nyingine walitengeneza magari ya mfano ya Nyayo Pioneer, yaliyozinduliwa mwaka 1990. Hayakufika sokoni. Tanzania, kule Kibaha, jeshi liliunda lori la Nyumbu, kazi ya kujivunia ambayo nayo haikujaza barabara zetu. Sizibezi juhudi hizo. Zilifanywa na watu wenye akili na moyo. Lakini zinganisha na Peugeot 504. Gari hili lilizinduliwa Paris mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na Ufaransa ikaacha kulitengeneza mwaka 1983. Kenya na Nigeria ziliendelea kuliunganisha hadi miaka ya 2000. Kilichoifanya 504 iishi Afrika muda mrefu kuliko kwao ni gereji za mitaani, ambako kila fundi alijua kuifungua na kuifunga. Tulikuwa na kiwanda kikubwa kuliko vyote bila kukitambua: kiwanda cha kutengeneza upya, kilichotawanyika chini ya miembe kuanzia Gerezani hadi Gikomba, kuanzia Katwe hadi Suame kule Kumasi. Hakikuwa na waziri wala jiwe la msingi, kwa hiyo hatukukihesabu kama maendeleo.

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili, maana zipo na baadhi zina uzito.

Ya kwanza ni usalama na moshi. Gari la mwaka 1978 halina mifuko ya hewa, na injini zake hazikutengenezwa kwa viwango vya leo. Nakubali. Sipendekezi watoto wa shule wabebwe kwenye magari ya enzi za babu zao, wala sitetei mikweche inayotembea bila breki. Lakini mkweche na gari lililojengwa upya ni vitu viwili tofauti, na tofauti yake huonekana kwa ukaguzi. Tarehe ya kuzaliwa haitoshi. Gari la miaka 6 lenye breki zilizokwisha ni hatari kuliko la miaka 40 ambalo kila mpira na kila paipu ya breki ni mpya. Na moshi wa gari hauanzii kwenye ekzosi; unaanzia kiwandani, pale chuma kinapoyeyushwa kutengeneza jingine.

Ya pili ni kwamba sheria za umri wa magari zinatulinda tusiwe jalala la dunia. Kenya haipokei gari lililotumika linalozidi miaka 8, na Tanzania hulitoza ushuru wa ziada gari lililopita umri fulani. Naziunga mkono sheria hizo zikiwa bandarini. Ninachokataa ni kuzihamishia kwenye fikra zetu zote, hadi umri wenyewe ukawa kosa. Nilipoomba bima kubwa kwa ajili ya Land Rover iliyokwisha kujengwa upya, kampuni moja ilinijibu kwamba kwa umri wake gari hilo lina thamani ya chuma chakavu tu. Hakuna mtu aliyelikagua. Ilikuwa sentensi ileile ya majalada, safari hii ikiwa na nembo ya kampuni binafsi.

Wenzetu wamelitatua hili bila kelele. Ujerumani, tangu mwaka 1997, gari lililofikisha miaka 30 na likakaguliwa kuwa katika hali nzuri na ya asili linaweza kupewa kibao chenye herufi H, kinachotambua kwamba ni sehemu ya historia. Uingereza, gari lililozidi miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya mwaka ya barabara. Sisi tuna mbuga zenye Land Rover zilizopitia nusu karne ya kazi, na Oktoba 2024 mamia ya magari hayo yaliandamana Arusha mbele ya kamera. Tunayapigia makofi kwa siku tatu kama utalii. Siku ya nne, kwenye makaratasi yetu, yanarudi kuwa takataka.

Hoja ya tatu husemwa kwa kunong'ona: kwamba haya ni mapenzi ya wenye mishahara, na mtu wa kawaida hana nafasi ya kufufua magari ya ukoo. Nageuza swali. Mtu wa kawaida ndiye anayetengeneza kila siku: redio, jembe, baiskeli, jiko. Anaishi kwa kutengeneza. Anayeweza kumudu kutojali ni yule ambaye gari lake hulipiwa na kodi ya mtu huyo wa kawaida.

Nini kifanyike? Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo.

Kwanza, fomu ya kufuta gari ibadilishwe. Pendekezo lolote liwe na namba tatu: gharama ya kila mwaka wa huduma gari likitengenezwa, gharama ya kila mwaka wa huduma likinunuliwa jipya, na thamani ya vipuri vilivyomo. Atakayesaini bila namba hizo ajibu kwa mkaguzi.

Pili, kabla ya mnada, gari lililofutwa lipelekwe kwanza kwenye vyuo vya ufundi na kwenye shule za sekondari zenye mkondo wa amali. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeuleta mkondo huo, na walimu wanauliza vifaa vitatoka wapi. Vifaa vimelala chini ya mwarobaini wa halmashauri. Darasa litakalolifungua gari moja hadi chesisi na kulifunga tena litakuwa limejifunza umeme, hesabu za vipimo, kemia ya kutu na nidhamu ya kazi, kwa pamoja.

Tatu, fundi aliyetambuliwa na VETA aruhusiwe kushindania kazi ndogo za matengenezo ya magari ya umma katika wilaya yake, chini ya usimamizi wa mhandisi, na alipwe ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba.

Nne, serikali inaponunua magari mapya, mkataba udai kitabu cha karakana na vifaa vya kusomea kompyuta za magari hayo. Land Rover ya baba yangu ilikuwa na kitabu kilichoeleza kila nati ikazwe kwa nguvu kiasi gani. Magari ya leo hufungwa kwa kompyuta ambazo mara nyingi wakala peke yake ndiye mwenye ufunguo. Huko Massachusetts, Marekani, wananchi walilipigia kura jambo hili mwaka 2012, wakataka taarifa za matengenezo zitolewe kwa gereji huru pia, na mwaka 2020 wakaongeza nguvu ya sheria hiyo. Mnunuzi mkubwa kama serikali hahitaji kura. Anahitaji kuandika kifungu kimoja kabla ya kulipa.

Kwa wanafunzi wangu: mtakapoambiwa kwamba taifa linaendelea kwa kuwa limenunua, ulizeni linaweza kutengeneza nini. Taifa lisiloweza kutengeneza hupanga foleni kwa wauzaji maisha yake yote. Kwa wanaharakati: tumepiga kelele nyingi juu ya bei ya mashangingi, na ilikuwa haki, sasa tudai pia takwimu za magari yanayooza kwenye yadi, kwa sababu ufujaji wa pili ndio unaouhalalisha ule wa kwanza.

Na kwako wewe mtumishi wa umma, ambaye jalada lenye sentensi ile litafika mezani kwako kabla ya mwaka huu wa fedha kwisha: usiulize daftari linasema gari lina thamani gani. Uliza jipya litagharimu kiasi gani kwa mwaka, na nani atalitengeneza likiharibika. Usiziba ufa leo, utajenga ukuta kesho, na ukuta wenyewe utaagizwa kutoka nje.